Nakiete Asiyeketi na Maji ya Mbaro

Acha kukunja pua, wewe uliye karibu na dirisha. Ukisomewa kwamba Debora aliongoza jeshi unaitikia amina, lakini ukiambiwa kwamba mwanamke wa mlima huu huu alizuia vita bila kushika hata fimbo, unaanza kuchekacheka na jirani yako. Debora ulimwona wapi? Funga mdomo usikilize, maana wajukuu wa walioyaona haya wangali hai, na mmoja wao ni wewe mwenyewe.

Zama zile babu zetu walipokuwa wamebatizwa juzi tu, maji yakiwa yamelowesha vichwa na miguu imebaki mikavu, aliishi katika kijiji cha Mbaro, juu katika milima ya Upare, Nakiete binti Nanzia, binti wa mfinyanzi, mjukuu wa Kirema aliyevuka nyika akiwa mjamzito na mkuki mkononi. Walimwita Asiyeketi, kwa sababu tangu utotoni hakupata kuonekana ametulia: alikula amesimama, alinyonyesha akitembea, na kanisani alisimama nyuma akibadilisha mguu huu na huu, akisikiliza Neno kama mtu anayesikia moto kwenye paa lake.

Mumewe, Mzee Sefue, alikuwa mzee wa kanisa na msimamizi wa ndiva, lile bwawa la mawe na udongo linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani, Mbaro kwanza, kisha Kighaa, kijiji cha chini. Mwaka wa ukame mkubwa Sefue akaufunga mlango wa maji ya Kighaa, na wajumbe walipopanda kuomba kwa heshima, akawajibu mbele ya watu, "Nendeni mkakinge jasho lenu." Wajumbe wakaondoka bila kuaga. Kabla jua halijashuka habari ikafika kwamba Kighaa wananoa mapanga, na kesho watakuja kubomoa ukuta, naye Sefue akawaamuru vijana wa Mbaro wafunge nyuzi za pinde.

Sasa elewa lililomkosesha Nakiete pumzi. Binti yake Namkunda alikuwa ameolewa Kighaa. Mume wa Namkunda angepanda na panga, na kaka zake Namkunda walikuwa wanamngoja juu na mishale. Ashinde huyu au yule, Namkunda angezika.

"Baba Namkunda, wape watu maji," akamwambia Sefue mbele ya wazee.

"Hayo ni mambo ya wanaume."

"Abigaili alipotoka bila kumwambia mumewe Nabali, akawapelekea watu wenye panga mikate, alikuwa mwanaume?"

"Wewe si Abigaili."

"Kweli. Ila Nabali ninaye."

Wazee wakacheka, Sefue akawaka. "Debora aliketi chini ya mtende, Israeli wakamwendea awaamue! Wewe hata kigoda kinakushinda!"

Nakiete akatoka, akazunguka nyumba kwa nyumba kwa mwendo wake ule wa kukimbiza kuku, akiwaambia wanawake wapike makande, kila mmoja kwa chungu chake kikubwa.

"Kuna wageni, mama?" wakamuuliza.

"Wapo. Wanaokuja kutuua."

Na ujue kwamba tangu enzi za mababu mwanamke hakukanyaga ukuta wa ndiva. Akikanyaga, maji yametiwa unajisi: hayaguswi, wala silaha haiinuliwi kando yake, mpaka wazee wa vijiji vyote viwili wayatakase kwa kula pamoja pale pale, chungu kimoja. Mwinjilisti alikuwa amehubiri dhidi ya mila hiyo hadi sauti ikamkauka. Nakiete hakuiamini tangu abatizwe. Lakini alijua vizuri ni akina nani wanaoiamini, hata wakiwa na Biblia kwapani.

Alfajiri Kighaa walipotokeza, mbele yao mzee wao Kangero mwenye upinde mrefu, na Mbaro wakawa wamejipanga upande wa pili, waliwakuta wanawake wamejaa juu ya ukuta, vyungu vikifuka moshi, na katikati yao Nakiete, ameketi. Miguu ilimwasha. Kila mshipa ulimwambia inuka, naye akayabana magoti kwa mikono akakaa.

"Shuka, mwendawazimu!" Sefue akapiga kelele. "Umetuharibia maji!"

"Nimeyaharibu," akasema Nakiete. "Debora aliketi, nami nimeketi. Anayetaka maji na amshike mkono mwenzake, waje wale. Asiyetaka, afe na kiu akiwa ameshika upinde wake."

Kangero akamtazama Sefue, Sefue akatazama maji. Kisha Kangero akaweka upinde chini, akauliza kwa sauti ya mtu aliyetembea tangu usiku, "Yana chumvi hayo makande?" Wakala. Mkwe wa Nakiete akala bega kwa bega na shemeji zake, na jioni maji yakashuka Kighaa.

Hivyo ndivyo wanawake wa Mbaro walivyopata zamu yao ya kufungua ndiva, na mpaka leo balaa likitokea, anayelisikia kwanza ndiye anayetoka kwanza, mwenyekiti ataambiwa baadaye. Wengine hutuita wanawake wasio na adabu. Waite.

Lakini hilo la pili, la kutoka bila kungoja kuambiwa, halikuanza ukutani. Lilianza siku ya mwisho Nakiete kuonekana, akiwa mzee, wanawake wamezoea kumuuliza kila kitu, hata nani afagie kanisa. Wakiwa kwenye ibada, akaingia mtu wa Kighaa akihema: mfereji umepasuka, nyumba zinazama, Namkunda na wanawe wako juu ya paa. Wanawake wote wakageuka kumtazama Nakiete, wakangoja aseme. Hakuna aliyenyanyuka.

"Abigaili hakumngoja Debora," akasema. Akatoka, akafunga mlango, na hakuonekana tena; wanawake waliufungua wenyewe, wakashuka Kighaa bila kungoja kuambiwa.