Nyani Achagua Mshipi Mnene

Paukwa!

— Pakawa!

Ziwa lipo?

— Lipo, limejaa!

Na samaki je?

— Wapo, wanakungoja wewe!

Basi na waningoje kidogo. Nanyi acheni kucheka. Ndiyo, ni kweli, nimesimama mbele yenu kama mheshimiwa, kumbe nyuma ndoana imenikamata suruali, na mshipi wake umezunguka kanga ya Bi Mwavita iliyoanikwa pale kambani. Nilikuwa nawaonyesha tu jinsi nilivyokuwa nikirusha mshipi wa kuvulia nilipokaa Mpulungu, nilipokaa Kalemie, nilipokaa Bujumbura. Ziwa zima hili nimelizunguka, jamani, na mkubwa kuliko wote niliowahi kuwanasa ndiye huyu mliyemwona leo: mimi mwenyewe.

Bi Mwavita, aliyeanza kuvua kabla mimi sijaanza kuvaa suruali, ameukata uzi kwa meno na kuniambia, "Simulia, baba. Hiyo mikono iache."

Haya. Mikono nimeificha. Nasimulia.

Zamani hizo, nyani walipokuwa bado wanavaa kofia, aliishi Bi Nguchiro na wanawe watatu. Waliishi kwenye kighuba kidogo, ndani ya shimo lililokuwa hatua nne tu kutoka majini. Hatua nne! Mtoto akilia njaa, kabla hajavuta pumzi ya kilio cha pili, mama keshapiga mbizi na kurudi.

Jirani yao alikuwa Nyani. Mabega kama milango miwili, meno kama misumari ya mtumbwi, na tumbo ambalo halijawahi kusikia neno "yatosha".

Asubuhi moja Nyani akaja, dum, dum, dum, akasimama mlangoni.

"Nguchiro! Nakitaka kighuba hiki."

"Shikamoo, mzee wangu. Na wanangu waende wapi?"

"Nyikani kuna panzi. Watazoea."

Bi Nguchiro akageuka akawatazama wanawe. Walikuwa wamelala, mkia wa huyu juu ya pua ya yule. Nyayo zao laini, za kukanyaga tope, si za kukanyaga miiba ya nyika. Kupigana na Nyani? Angemalizwa kwa kofi moja, tena la mkono wa kushoto.

"Sawa, mzee wangu," akasema. "Ila majirani watasema umemnyang'anya mwanamke. Kwa nini tusishindane kuvua? Jua likifika utosini, mwenye samaki wengi achukue kighuba. Korongo atahesabu."

"Ho, ho, hooo!" Nyani akacheka mpaka kofia ikamwangukia machoni. "Mimi na wewe? Twende!"

Sasa, pwani ile ilikuwa na desturi moja: mkubwa huchagua kwanza. Kiti, mkubwa kwanza. Kitoweo, mkubwa kwanza. Hata kivuli, mkubwa kwanza. Korongo akaleta mitumbwi miwili sawa. Akaleta vijisamaki viwili vya mti, sawasawa, kila kimoja na ndoana yake tumboni na kidevu cha bati, vile vya kukokotwa nyuma ya mtumbwi. Ukikivuta, kinainamisha kichwa na kuzama. Halafu akaleta mishipi miwili, na hapo hakukuwa na usawa. Mmoja mnene kama kamba ya kufungia mbuzi. Mmoja mwembamba kama uzi wa buibui.

Kabla Nyani hajafungua kinywa, Bi Nguchiro akaukumbatia ule mnene.

"Mzee wangu, sikuombi kingine. Niachie huu. Tazama vimikono vyangu! Ule mwembamba nitauweza wapi?"

"Aa, unautaka huo?"

"Nautaka."

"Unautaka kweli?"

"Nautaka kama ninavyowataka wanangu."

"Basi ni wangu! Lete!"

"Jamani, mzee..."

"Mkubwa huchagua kwanza! Au kwenu hamkufundishwa adabu?"

"Tulifundishwa," akasema Bi Nguchiro, akijifuta chozi ambalo halikuwepo.

Wakaingia ziwani.

Nyani akapiga kafi, chubwi, chubwi! Maji yakaushika ule mshipi mnene kama mkono wa mtu, yakauinua, na kijisamaki nacho kikainuka. Kikabaki juu juu kinarukaruka, pwata, pwata, pwata. Migebuka, samaki wa ziwa hili, wote wako chini kwenye baridi, na Nyani anavua kereng'ende.

Bi Nguchiro akapiga kafi, chwii, chwii. Mshipi mwembamba ukayakata maji kimya kimya. Kijisamaki kikainamisha kichwa, kikazama, kikazama, kikazama. Tuku! Bi Nguchiro hakuvuta. Mgebuka ana mdomo laini kama chapati ya maji, ukivuta kwa pupa unachanika. Aliendelea na kafi yake pole pole, uzi ukanyumbuka, ukarudi, ukanyumbuka, ukarudi, mpaka samaki akachoka mwenyewe. Mmoja.

Nyani: chubwi, chubwi! Pwata, pwata, pwata. Hakuna.

Bi Nguchiro: chwii, chwii. Tuku! Wawili.

Nyani: chubwi, chubwi! Pwata, pwata, pwata. Hakuna.

Bi Nguchiro: chwii, chwii. Tuku! Ikaendelea hivyo mpaka wakafika saba.

"Nguchiro!" Nyani akanguruma. "Mshipi wako una dawa!"

"Hauna dawa, mzee. Ni mwembamba tu."

"Ulete hapa."

"Lakini ulishachagua!"

"Mkubwa huchagua kwanza, na akitaka, huchagua tena!"

Akamnyang'anya, akamtupia ile kamba ya mbuzi. Na hapo, wenzangu, moyo wa Bi Nguchiro ukapiga pu, pu, pu. Hili hakulipanga. Jua lilikuwa bado halijafika utosini, na Nyani sasa alikuwa na mshipi wenyewe. Akijua tu kuvuta pole pole, watoto watatu watalala nyikani. Safari hii chozi lilikuwepo.

Akawaza, akawaza. Kisha akaita kwa sauti ya upole kabisa, "Mzee wangu! Samaki huyu ana mdomo laini, na huo uzi ni mwembamba. Nakuomba, usivute kwa nguvu."

"Nini? Wewe, wa kunifundisha mimi kuvua?"

Tuku! Nyani akavuta kwa mabega yote mawili. Mshipi ukarudi na mdomo wa samaki, bila samaki.

Tuku! Nyani akasimama mtumbwini, akakanyaga ukingo, akavuta kwa mabega, mgongo na hasira. Tap! Mshipi ukakatika, kijisamaki kikaenda zake, na Nyani akaenda kinyumenyume. Chubwiii! Kofia ikabaki inaelea.

Jua likafika utosini. Korongo akanyoosha shingo, akahesabu.

"Bi Nguchiro, saba. Nyani, mdomo mmoja."

"Na mdomo uhesabiwe!" Nyani akasema, maji yakimtoka puani.

"Mdomo si samaki," akasema Korongo.

Nyani akashika njia ya nyikani kula panzi. Nasikia amezoea.

Mtumbwi wa maneno umegusa mchanga, aliyelowa ajikaushe, aliyeshiba anawe.

Na funzo lake, wapenzi wasikilizaji, ni hili: waheshimuni wakubwa, waacheni wachague kwanza, na msiwe wadanganyifu kama Bi Nguchiro. Mdanganyifu mwisho wake mnauona: anabaki na kighuba kizima, samaki saba, na watoto watatu wenye matumbo yaliyojaa. Aibu iliyoje!

"Mdanganyifu wapi?" akasema Bi Mwavita. "Aliomba, akanyimwa. Akashauri, akapuuzwa. Kaa chini."