Tunu na Mlima Ulioungua

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Ilikuwa Jumatano, siku ya arobaini kabla ya theluji kuanguka, saa tatu na robo asubuhi. Katika nchi ya milima ya baridi, hapo kale, dubu jike aitwaye Tunu aliingia msituni na mwanawe kutafuta vitunda vyeusi vyenye maji ya zambarau. Dubu hulala majira yote ya baridi bila kula. Asiyenenepa kabla ya theluji, akilala haamki. Na Tunu alikuwa akinyonyesha.

Desturi ya dubu ilikuwa moja: kula pale alipokulisha mama yako. Tunu akaenda pale. Akatafuta kushoto, majani. Akatafuta kulia, majani. Miti ilikuwa imekua, imefungana, imelizuia jua. Vichaka vilinawiri, lakini havikuzaa.

Shangazi yake, Kidawa, alikuwapo, akitafuna majani, nyafu, nyafu. Tunu akamweleza kwamba maziwa yanapungua. Kidawa akamwambia asubiri, vitunda vimechelewa tu.

Tunu akasubiri siku tatu. Siku ya nne, pwa! Ndege mmoja wa kundi lililokuwa likipita akamnyea puani. Mtoto akacheka. Tunu akajifuta, akatazama: kinyesi kilikuwa cha zambarau. Akatazama ndege walikotoka. Walitoka kwenye mlima ulioungua zamani, wenye visiki vyeusi, ambao dubu wote waliukwepa.

"Shangazi, ndege wanakula kule."

"Kule kwenye masizi? Mama yako alikula hapa, na mama yake alikula hapa. Wewe umezaliwa na ndege?"

"Kinyesi cha ndege ni cha zambarau, shangazi. Chako ni cha kijani."

Kidawa akarudi kwenye majani yake. Tunu akaondoka na mwanawe.

Wakapanda, wakapanda. Juu hapakuwa na kivuli. Jua lilifika mpaka chini, na kati ya visiki vichaka vilikuwa vimeinama kwa vitunda. Wakala, nyafu, nyafu, mpaka matumbo yakaburuzika ardhini. Maziwa yakarudi.

Siku ya tisa Kidawa akaja, mbavu nje, akajifanya anapita tu. Tunu hakumcheka. Akasogea kumpisha.

"Karibu, shangazi. Upande huu vimeiva zaidi."

Funzo ni hili: paheshimu alipokula mzazi wako, lakini chakula kitafute kilipo. Hadithi yangu nimeitua hapa.

Wapo wanaodai kwamba Kidawa alikufa kwa njaa msimu ule. Wamekosea. Alilala mnene, akaamka mzima, na kiangazi kilichofuata alifika mlimani kabla ya Tunu.