Perere Mshika Uzi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanalala vitandani na kufunga milango, Mama Perere aliishi ndani ya mti wa mvule. Msianze kuniuliza perere ni nani, nimeshawaambia mara kumi! Ni mnyama mdogo wa manyoya, hana mkia, na sauti yake ni kubwa kuliko yeye mwenyewe. Haya, tulieni.

Mama Perere alikuwa na watoto wawili, Kiduchu na Chepe. Nyumba yao ilikuwa pango katikati ya shina. Mvua haikuingia, upepo haukuingia, na Tai, ambaye hula perere kama nyinyi mnavyokula maandazi, hakuweza kuingia.

Masika moja upepo ukavuma kwa hasira. Kra! Kra! Puuu! Mvule ukaanguka. Mama Perere akatoka, akakagua, akakuta pango zima.

"Afadhali," akasema. "Tumeshuka chini, lakini tumo ndani."

Hata hajamaliza kushukuru, wakafika Kiboko na Nyati.

"Mbao hizo!" Kiboko akasema. "Nitapata kitanda. Vitanda vyote vinanivunjikia."

"Na mimi nitapata mlango," Nyati akasema. "Nikipiga chafya tu, mlango wangu unaanguka."

"Samahani mabwana," Mama Perere akasema, "hii ni nyumba ya watu."

"Hili ni gogo," Nyati akasema. "Toka."

"Basi niachieni kipande hiki chenye pango. Pima moja tu!"

"Mbao zinataka urefu," Kiboko akasema. "Toka, mama, usituchoshe."

Akatoka. Angefanya nini? Akawaficha wanawe kwenye ufa wa jiwe, lakini ufa wenyewe ulikuwa mwembamba na miguu yao ya nyuma ikabaki nje. Juu angani Tai alikuwa ameshawaona. Alizunguka taratibu, maana hakuwa na haraka.

Basi mabwana wakaenda kumwita Nungunungu, fundi wa mbao, mwenye msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo huwekwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu ya gogo, mwingine huingia shimoni. Wa juu anainua, wa chini anavuta. Lakini kwanza lazima upige uzi: unauchovya kwenye maji ya mkaa, unauvuta juu ya gogo, unauachia, unabaki mstari mweusi wa kufuata.

Nyati akajaribu kuushika kwa kwato. Ukakatika. Kiboko akaushika kwa meno. Akaumeza.

"Uzi wa pili huo!" Nungunungu akafoka. "Jamani, miili yote hii, hakuna hata mmoja mwenye vidole?"

"Mimi ninavyo," Mama Perere akasema.

"Njoo. Ujira wako ni wa desturi: mshika uzi huchukua mabanzi."

Mama Perere alizaliwa ndani ya mti, asijue banzi? Hata hivyo akainamisha kichwa kwa adabu. "Bwana Kiboko, banzi ndilo lipi? Nisije nikachukua mali ya wakubwa."

Kiboko alikuwa ameshachoka, na uzi ulikuwa unamwasha kooni. "We mama! Banzi ni kipande chenye ganda la mti! Kitakachotoka na ganda ni chako, kisicho na ganda ni chetu. Nirudie mara ngapi?"

"Mara moja yatosha, bwana. Na Bwana Nyati anasemaje?"

"Chenye ganda chako! Piga uzi bwana, ah!"

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Fanyeni kazi!"

Hapo kazi ingeanza, kama hawa wawili wangekuwa na akili timamu.

"Zile mbao pana za katikati ni zangu," Kiboko akasema.

"Zako kwa lipi? Mlango ni mpana!"

"Kitanda ni kipana zaidi!"

"Una kitanda gani, wewe unayelala matopeni?"

"Na wewe una nini cha kufungia mlango?"

Wakabishana mpaka jua likafika utosini. Nungunungu akanoa msumeno, akamaliza, akaunoa tena kwa kukosa kazi. Mama Perere akatazama juu. Tai alikuwa ameshuka, kivuli chake sasa kilipita juu ya jiwe, na miguu minne midogo bado ilikuwa nje ya ufa. Uvumilivu ukamwisha.

"Jamani, nyinyi ni wakubwa au mna minofu tu?" akapiga kelele. "Nusu kwa nusu! Pasueni gogo katikati. Kila mtu abebe nusu yake, akapasue mbao zake kwake, pana, nyembamba, shauri yake!"

Nyati akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Nyati.

"Nusu kwa nusu," Nyati akasema. "Mbona hukusema mapema?"

Mama Perere akauvuta uzi kutoka ncha hadi ncha, ukapita katikati ya mlango wa pango lake. Akauachia. Twaa!

Nani huyo anacheka? Kama umeelewa, nyamaza, usiwaharibie wenzako!

Kiboko akaingia shimoni, kwa sababu fundi alisema akipanda juu gogo litazama ardhini. Nyati akapanda juu. Ghwii! Ghwaa! Ghwii! Ghwaa!

"Ptu! Ptu! Nyati, unanimwagia unga wa mbao makusudi!"

"Fumba macho, vuta!"

"Ninavuta! Wewe inua!"

"Ninainua!"

"Huinui, unaegemea!"

"Huo ni msumeno!" Nungunungu akalia. "Si kamba ya kuvutana! Mama yangu wee, msumeno wangu!"

Hivyo hivyo, matusi kwa jasho, mpaka alasiri. Mwisho, kwaaa! Gogo likaachana. Nusu moja ikaangukia huku, nyingine kule, tumbo juu, kila moja na nusu yake ya pango.

"Hiyo yangu," Nyati akasema.

"Na ile yangu!" Kiboko akaitika kutoka shimoni.

"Polepole," Mama Perere akasema. Akakimbilia nusu ya kwanza, akakwaruza ubavuni. "Bwana Nyati, hii ni nini?"

"Ni ganda."

Akarukia nusu ya pili. "Na hii?"

"Ni ganda vilevile, kwani huoni? Ni gan..." Nyati akageuka kuitazama tena ile nusu ya kwanza.

"Na kipande chenye ganda huitwaje?"

"Banzi!" Kiboko akanguruma kutoka shimoni, mdomo umejaa unga. "Banzi, banzi, banzi! Tangu asubuhi nakwambia, mama, kichwa chako kigum..." Akaumeza ule unga.

Nungunungu akaja, akatazama huku, akatazama kule. "Mabanzi mawili," akasema. "Mbao hakuna. Tangu nizaliwe sijaona kazi mbovu kama hii."

"Ametudanganya!" Nyati akapiga kelele.

"Amewauliza, na mlijibu wenyewe. Atakayemdhulumu mshika uzi ujira wake, mimi sinoi shoka lake tena." Miiba ikamsimama mgongoni, chaka! Akabeba msumeno wake, akaenda zake.

Nyati akapandwa na hasira, akaipiga nusu moja kwa pembe. Gubu! Ikapinduka kifudifudi. Kiboko akatoka shimoni kwa kupapasa, macho yamejaa unga, akaivamia nusu ya pili kwa bega. Gubu! Nayo ikapinduka. Sasa vipande vyote viwili vililala ganda juu na pango chini, kila kimoja na mlango mdogo pembeni.

Wakati huohuo Tai akakunja mabawa.

"Kiduchu! Chepe!" Mama Perere akapaza ile sauti yake kubwa. "Banzini! Upesi!"

Watoto wakachomoka kwenye ufa. Huyoo mmoja, huyoo wa pili, na mama nyuma yao. Wakaingia, mdomo wa Tai ukagonga ganda. Ngo! Akagonga tena. Ngo! Akaondoka anauma ulimi.

Kisha kichwa kidogo kikachungulia mlangoni.

"Mabwana, ahsanteni kwa kunipindulia," Mama Perere akasema. "Hilo ndilo jambo pekee nililokuwa siliwezi. Na nyumba sasa ni mbili. Ile nyingine nitaweka jiko."

Nyati mpaka leo hana mlango, analala nje na hasira zake, msimkaribie. Kiboko naye hushinda majini kutwa, anaosha macho.

Nanyi mnaopenda kugombania nani awe juu, sikieni: kabla hujashika msumeno, tazama kwanza nani ameshika uzi.