Kebo Iliyosokotolewa

Mtu mmoja alikuwa na vipande viwili vya kebo nene ya umeme, alivyopewa kiwanda cha kahawa kilipofungwa, na alikuwa na mama aliyekataa kuhama. Mtu huyo aliitwa Byabato. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya bati, juu ya kilima, na vuli iliyopita radi ilikuwa imepiga kwa jirani ikaua mbuzi watano na mwenye mbuzi. Fundi akamwambia Byabato: tafuta shaba tupu, itoke kilele cha paa hadi ndani ya ardhi, isiwe na kiungo wala jeraha, maana radi ikifika penye jeraha huenda ikaacha njia na kuingia ndani kwa mama yako. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki mbili.

Shaba imo ndani ya kebo, lakini haipatikani kwa kuitamani. Juu kuna plastiki nyeusi. Chini yake kuna deraya, yaani vazi la nyaya za chuma zilizobanana, imevishwa ili jembe la mchimbaji lisiifikie shaba. Chini ya chuma kuna plastiki nyingine, na ndani kabisa ndiyo mishipa minne ya shaba. Mimi hujiuliza, kitu laini namna ile, ni nani aliyekizoeza kuishi ndani ya chuma? Sijapata jibu. Tuendelee.

Mdogo wake, Kaijage, alikuwa na nguvu nyingi na subira ya kuazima. Akaja na grenda, ile mashine ya kukatia chuma, akaipasua kebo ya kwanza kwa urefu wake kama apasuaye samaki. Nusu saa, kazi imekwisha, na sifa amejipa mwenyewe. Walipoitoa shaba ndipo walipoona. Kumbe mishipa ile nayo ilikuwa imesokotana, hivyo kila mmoja ulikuwa umepanda juu kwa zamu yake kwenda kukutana na meno ya grenda. Yote minne ilikuwa na majeraha. Byabato akaukunja mmoja kidogo tu, ukakatika mkononi mwake. Akaogopa, wala hakuficha kwamba ameogopa.

Ikabaki kebo moja. Kaijage akaomba ajaribu tena, safari hii polepole, kaka yake akakataa. Byabato akaimenya plastiki ya juu kwa kisu, akashika waya mmoja wa chuma kwa koleo na kuuvuta. Ukamchana kiganja. Mama yao, Ma Kokushubira, alikuwa msusi wa mikeka tangu usichana wake, na mikeka aliyoifumua kwa kukosea ilikuwa mingi kuliko aliyoiuza. Akatoka ndani, akainama, akaitazama ile kebo kwa muda mrefu.

“Wanangu,” akauliza, “aliyeifunga alizungukia upande gani?”

Hawakuwa wamejiuliza. Siku tatu wameishika, wameikata, wameitukana, lakini kuitazama hawakuitazama. Sasa wakaona kwamba nyaya zote zimelalia kulia, zinazunguka kebo taratibu, kama kamba ya kisimani. Byabato akashika ncha ya waya mmoja, akauzungusha kwenda kushoto. Ukainuka bila ugomvi. Akaufuata hadi mwisho, akarudi kuchukua wa pili.

Na hapa lugha yetu inatushinda akili, ndugu zangu. Aliyefunga hufungua. Aliyekunja hukunjua. Kilichosokotwa husokotolewa. Ni neno lilelile limegeuzwa uso, likarudi kwa njia iliyolileta. Babu zetu hawakusoma habari za kebo, lakini walijua kwamba kuvunja si kinyume cha kufunga. Kaijage yeye alicheka, akasema kaka anabembeleza chuma kama mwali. Siku ya pili alichoka kucheka, akaja akashika upande mwingine wa kebo. Siku ya nne shaba ilikuwa nje, ndefu, nyekundu, haina hata mkwaruzo, wakaifunga kutoka kilele cha paa hadi ndani ya ardhi.

Radi ilikuja Alhamisi mchana. Ma Kokushubira alikuwa ndani anachambua maharage. Nyumba ilitikisika, bakuli likaanguka, kisha kimya. Wanawe walipanda kilima mbio, wakiwa na hofu ya kile watakachokikuta, wakakuta udongo unafuka moshi pale shaba ilipozama ardhini, na mama yao amepiga magoti anaokota maharage. Kaijage akakaa chini kwenye matope akalia. Tena chuma chote kilichoonekana kigumu kilikuwa kimelala uani, na kilichouchukua moto wa mbinguni na kuushusha chini ni kile kitu laini.

Sasa nawauliza ninyi. Nyumbani kwako yupo mtu aliyevaa chuma. Unasema naye, hakujibu, unamvuta, anakuchana, na umewaambia watu kwamba huyo ni mgumu, haambiliki. Hakuzaliwa hivyo. Kuna mtu alimzungushia waya mmoja leo, mwingine kesho, na ajuaye vizuri upande wa kuanzia ni yule aliyemfunga. Je, ikiwa ni wewe?