Hodi ya Zimwi

Sogeeni jamvini, niwape ya Mize.

Mize alikuwa akiokota kuni msituni, zimwi likamdaka. "Namtaka mwenyewe aliyemo ndani yako," likasema, likambishia kifuani. "Hodi."

Mize akajitafuta ndani. Akakuta kimya kitupu, kimya kinachosikia.

"Hodi." Kimya kilekile kilikuwa mitini.

"Hodi." Zimwi nalo likakisikia tumboni mwake, likatetemeka. Na hodi tatu zisipojibiwa, mgeni huondoka, hata awe zimwi. Likaenda zake.

Mize akafika kwake, akajifungia. Jioni mama yake akaja, akapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mize alizisikia zote, ila ndani mwake hakumwona wa kuitikia "Karibu." Mama akaondoka.

Haya, ngano yangu inapiga hodi. Aliyemo ndani yenu aitikie.