Paka Aliyetangazwa Mtungini

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kitu mdomoni?

Ameshameza!

Na asiyemeza?

Ateme!

Nanyi temeni kweli, nisije nikalaumiwa. Hadithi ya leo ni chafu. Mimi nilihadithiwa na bibi yangu huku nakula muhogo, na muhogo ule sikuumaliza. Wewe Makame, weka chini hilo andazi. Hutaki? Haya, shauri yako.

Hapo kale, kando ya msitu mnene, palikuwa na kijiji kikiitwa Mkungumani. Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Mtu akiokota kisicho chake, awe kuku, awe mbuzi, iwe kanga iliyopeperushwa na upepo, alitakiwa aende kisimani asubuhi watu wakiteka maji, apande juu ya jiwe, atangaze mara tatu kwa sauti: "Mwenye chake na aje." Mwenyewe akitokea, anapewa. Asipotokea, basi kitu ni cha aliyekiokota, na hakuna wa kumdai tena, hata zimwi. Mazimwi walikuwa wachafu, walikuwa walafi, lakini desturi hiyo waliiheshimu.

Basi kijijini hapo alikuwako mjane mmoja, Bi Mize, na binti yake, Kibibi. Bi Mize hakuwa mwizi. Msije mkasema nimesema ni mwizi. Alikuwa mtu wa kukitaka kitu, na papo hapo akataka aonekane hakukitaka. Mnawajua watu hao. Wengine wamo humu ndani.

Siku moja paka akaingia uani kwao. Paka mnene, manyoya yanang'aa, mkia juu, anatembea utadhani amekuja kukagua nyumba. Bi Mize akamtupia dagaa. Paka akawanusa, akawapita.

"Mama," akasema Kibibi, "paka huyu ana mwenyewe. Paka asiye na kwao haachi dagaa."

"Ameshiba panya huyo."

"Na ana kitu shingoni."

Kweli. Shingoni alikuwa amefungwa kamba ya nywele zilizosokotwa, nywele nene, nyeusi, zina mafuta na nongo za miaka. Hazikuwa za mbuzi wala za ng'ombe. Bi Mize akaikata kamba kwa kisu, akaitupa motoni. Ikalia chwaa, ikatoa moshi wenye uvundo hata jirani yao, Bi Saumu, akauliza kutoka ng'ambo ya ua, "Mize, unachoma nini mwenzangu, kwato?"

"Takataka tu, dada."

Basi paka akawa hana kitu shingoni. Alikuwa paka mzuri, ila kinywa chake, jamani. Mwili safi, miguu safi, lakini akipiga miayo nyumba nzima inanuka fee, na nzi wa nje wanaingia ndani kuulizia.

Jioni ile paka akatoka, akaelekea msituni. Alfajiri akarudi na kitu mdomoni, akakiweka kizingitini. Nyama. Pande la nyama ukubwa wa kiganja, laini, limelegea.

Bi Mize alikuwa hajaona nyama tangu Idi. Akaligeuza pande, akalinusa, akakunja uso. "Ni harufu ya kinywa cha paka tu," akasema. Akaliosha, akalikamulia ndimu, akatia tangawizi, akatia kitunguu thaumu, akalipika mpaka ile harufu ikashika adabu.

"Mama, paka huyu ana mwenyewe," akasema Kibibi. "Kila jioni anarudi kwao. Na nyama hii hatujui imechinjwa na nani."

"Kula, mwanangu."

"Sili."

Kibibi akala wali mtupu. Mama yake akala nyama, na mchuzi uliobaki akaufuta kwa kidole. Kesho yake ikaja nyama nyingine, na kesho kutwa nyingine. Bi Mize akaanza kunawiri mashavu. Zikawa zinamzidi, akawa anampelekea na Bi Saumu. Bi Saumu alilamba vidole, akasema maisha yake hajala nyama laini namna ile, haitaki hata meno. Siku moja akakuta katikati ya pande kitu kigumu, cha njano, chembamba. Akadhani ni gegedu. Akakitafuna.

Makame, nimekwambia uliweke chini hilo andazi.

Basi utamu ukamkolea Bi Saumu. Akaanza kumwita paka kwa maziwa, pss pss, kila anapopita ukutani. Paka hakuyataka. Bi Saumu alipoona hampati kwa maziwa, akamwendea mwenziwe kwa maneno.

"Mize, paka huyu umemtangaza?"

"Bado."

"Bado? Siku zote hizi? Watu watasemaje?"

Hapo Bi Mize akaingiwa na wasiwasi. Akienda kisimani akapanda jiwe, mwenyewe anaweza akatokea, na paka aende zake, na nyama iende na paka. Asipotangaza, atasemwa. Alikuwa anaogopa kusemwa kuliko mnavyoogopa nyinyi chatu. Basi mnajua alifanya nini?

Aliingia ndani, akafunga mlango. Pembeni palikuwa na mtungi mkubwa wa maji ya kunywa. Akaufunua, akainama, akaingiza kichwa mtungini mpaka masikioni. Akasema, "Mwenye chake na aje." Maji yakajibu wuu. Akasema tena, "Mwenye chake na aje." Maji yakajibu wuu. Akasema mara ya tatu, "Mwenye chake na aje." Maji yakajibu wuu.

Akatoa kichwa, akajifuta pua kwa kanga. Maji yale ndiyo ya kunywa, na ndani yake ndimo alimoongea kwa kinywa kilichokula nyama ile. Kibibi alikuwa amekaa kitandani, anamwangalia.

"Nimetangaza," akasema Bi Mize. "Si umeona? Mara tatu."

Kibibi akainuka, akaufunika mtungi.

Bi Mize akatoka, akawaambia majirani, "Paka nimeshamtangaza mara tatu, mwenyewe hakutokea. Sasa ni wangu." Na jioni, paka alipotaka kutoka, akamfungia ndani ya tenga, akaweka jiwe juu.

"Mama, paka huyu ana mwenyewe," akasema Kibibi. "Msikilize anavyolia."

"Namfungia asiibiwe. Wezi wamezidi siku hizi."

Paka akalia usiku kucha, na usiku wa pili, na uliofuata. Nyama haikuja tena. Bi Mize akasema atazoea tu.

Basi siku moja, jua linaanza kuteremka, wanawake wako uani wanapeta mchele, upepo ukatoka upande wa msitu. Loo, upepo gani ule. Kuku waliuficha uso mbawani. Watoto walitupa vyungu vyao vya kuchezea, wakaziba pua. Kisha ardhi ikasikika tii, tii, tii, na mbele ya nyumba ya Bi Mize akasimama zimwi.

Mrefu kupita paa. Nywele nene, nyeusi, zina mafuta. Lakini watu hawakutazama nywele, walitazama kinywa. Kinywa kilikuwa wazi, hakifungiki. Kati ya jino na jino imejaa nyama, imekuwa kijani. Ukoga wa njano umeganda kwenye meno unene wa ukoko wa wali. Fizi zimevimba. Udenda unachuruzika mpaka kitovuni, na ndani ya udenda funza wanaogelea.

"Hodi," akasema zimwi.

Nani angejibu karibu? Watu wote walijaa nyuma ya ua wa Bi Saumu, wanachungulia.

"Hodi wenyewe. Nimemfuata paka wangu."

Bi Mize akatoka. Kanga ameibana puani. "Paka gani, bwana mkubwa?"

"Paka wangu anayenisafisha meno. Kila jioni nikimaliza kula, huingia kinywani mwangu, akachokoa mizoga yote iliyokwama, jino kwa jino, akaitoa. Sasa hajaja, na meno yananiuma, silali, sili." Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yakachanganyika na udenda. "Namsikia analia humo ndani."

Uani kwa Bi Saumu sauti ndogo ikauliza, "Anachokoa nini?"

"Nyama," akasema zimwi. "Iliyolala menoni. Akiitoa huwa anaondoka nayo, sijui anaipeleka wapi."

Bi Saumu akageukia ukutani akatapika. Alitapika cha asubuhi, akatapika cha jana, akakumbuka kile kitu cha njano alichotafuna, akaanza upya. Bi Mize naye akashika nguzo, macho yakamtoka, tumbo likapanda, akalimeza. Alilimeza kwa sababu alikuwa bado anamtaka paka. Nisimseme zaidi, nitatukana.

"Paka ni wangu," akasema Bi Mize. "Nimemtangaza mara tatu."

Zimwi akainamisha kichwa. "Kama ulimtangaza, ni wako, nami naondoka na maumivu yangu. Desturi ni desturi. Nani alisikia?"

Bi Mize akawatazama majirani. Majirani wakatazama chini. Hakuna aliyesikia kitu. Basi akamshika Kibibi mkono, akamleta mbele.

"Mwanangu alisikia. Kibibi, mwambie. Si ulisikia?"

Zimwi akapiga magoti, akaleta uso wake karibu na wa mtoto, na uvundo ule ukampiga Kibibi mpaka akayumba.

"Sema, mtoto. Lakini jua, ulimi wa mwongo una harufu yake, na mimi naijua. Ukisema mama yako alitangaza kisimani, na ikawa hakutangaza, nakuchukua wewe badala ya paka. Utaingia humu kila jioni kwa vidole vyako, maisha yako yote. Na utakachokitoa ndicho utakachokula."

Kibibi alitazama ndani ya kile kinywa. Akamtazama mama yake. Mtoto yule alikuwa hapendi uongo, mmemsikia tangu mwanzo, lakini mama alikuwa mmoja. Akafungua mdomo. "Mama alitanga..."

Bi Mize akamziba mdomo kwa kiganja, pap.

"Asiseme," akasema. "Mwache. Nilitangaza mtungini."

"Mtungini?"

"Niliingiza kichwa ndani ya mtungi, asinisikie mtu. Nilijua ana mwenyewe. Mtoto aliniambia, na kamba ya shingoni niliikata mimi. Usimchukue mwanangu."

Majirani wote walisikia. Aliyekuwa anaogopa kusemwa akajisema mwenyewe, mchana, mbele ya kijiji kizima. Kisha akaingia ndani, akaondoa jiwe, akafungua tenga. Paka akatoka mbio, akampanda zimwi begani, akachungulia kile kinywa, akageuza uso.

"Unaona?" akasema zimwi. "Kazi hii imeshamshinda. Umeilimbikiza wewe, utaifanya wewe."

Bi Mize akakunja kanga, akapiga magoti, akaingiza mkono. Akachokoa jino la kwanza, usaha ukamrukia usoni. Akachokoa la pili, funza wakampanda mpaka kwenye kiwiko. Akachokoa, akachokoa, akachokoa, ukoga anaukwangua kwa kucha, mapande anayatoa mojamoja anayaweka chini, anatapika pembeni, anarudi anachokoa. Hakuna jirani aliyekuja kumsaidia, na mimi pia nisingekwenda. Jua lilipogusa miti, zimwi akafunga kinywa. Kilifungika. Akavuta pumzi ndefu.

"Ahsante," akasema. Akanyanyuka, paka yuko begani, akaonyesha lile rundo la nyama chini. "Hiyo nawaachia. Nasikia jirani yako anaipenda."

Akaenda zake. Bi Saumu ilibidi ashikwe.

Bi Mize akanawa kwa majivu. Akanawa kwa ndimu, akanawa kwa mchanga, akafukiza udi mkono mzima. Harufu haikutoka. Haikutoka siku ile, wala mwaka ule, wala mpaka anaingia kaburini. Akifika kisimani wanampisha. Harusini wanampa mkeka wake peke yake, na hakuna aliyekubali kula alichopika.

Jioni ile ile Kibibi alipika wali, akapakua kwenye sinia. Mama yake alipoona hivyo akajichotea sehemu yake bakulini, akaenda kukaa peke yake mlangoni, mkono ule ameuficha nyuma. Kibibi akanyanyua sinia, akamfuata mlangoni, akaliweka kati yao. Akaumimina wali wa bakuli siniani mle mle. Kwa mkono wa kushoto aliziba pua, machozi yanamtoka kwa uvundo. Kwa mkono wa kulia akala na mama yake sinia moja.

Basi hadithi yangu imeishia hapo, mwenye kinyaa akanawe. Na anayeokota kitu, akitangaze kwa sauti, watu wasikie.