Shavu la Bibi Tumpe

Asifuye kila chungu hajagusa hata kimoja. Mmeusikia msemo huu kwa mama zenu mkacheka, sasa mnataka kujua ulikotoka. Basi tulieni, chanzo chake ni hiki.

Katika kijiji kimoja cha wafinyanzi, kando ya ziwa, hakuna chungu kilichoingia motoni kabla Bibi Tumpe hajakiegemeza shavuni. Chungu kikavu kina uvuguvugu. Kibichi hulipoza shavu, na kikichomwa hupasuka. Lakini uzee ulimjia Bibi Tumpe kama usingizi mtamu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, alipita kati ya vyungu akitabasamu, akisema, "Kizuri. Kizuri." Shavu likasahaulika. Alipenda tu kuona nyuso zikichanua, na nani angemlaumu?

Basi Subilaga, binti mmoja wa kijiji hicho, akaposwa. Desturi ilimtaka bi harusi aingie kwa mumewe na chungu alichofinyanga mwenyewe, la sivyo harusi ingoje mavuno mengine. Akafinyanga chake, akakianika kivulini, akamwita Bibi.

"Kizuri," akasema Bibi Tumpe, macho yake yakifuata ndege ziwani.

Kilipotiwa motoni, kilipasuka.

Subilaga hakulia. Aliokota kigae kimoja, akakiweka mkononi mwa ajuza.

"Bibi, ulikigusa?"

Bibi Tumpe akakigeuza kigae kiganjani. "Sikukigusa, mjukuu wangu. Nilitaka ufurahi."

"Ungeniambia 'bado hakijakauka,' Bibi, leo ningekuwa na furaha."

Maneno hayo yalimwamsha. Harusi ikaahirishwa, na Subilaga akafinyanga kingine. Bibi akakiegemeza shavuni, akafumba macho, akasema bado. Kesho yake, bado. Watu wakanong'ona kwamba ajuza amekuwa mchungu uzeeni. Iliumiza kusikia, maana alizoea kupendwa, lakini hakulegea.

Hata asubuhi moja ya ukungu akakaa na chungu shavuni muda mrefu, mpaka Subilaga akadhani amesinzia.

"Kizuri," akasema.

Hapo ndipo Subilaga alipolia. Neno hilo alilisikia kwa Bibi tangu utotoni, ila siku hiyo ndipo alipoliamini. Mavuno yalipofika, aliingia kwa mumewe na chungu kichwani, na kijiji kizima kikajua kwamba chungu hicho kimeguswa.

Asifuye kila chungu, wajukuu zangu, hajagusa hata kimoja.